Fungu la Mkadi Lenye Uzi Mwekundu

Nianze na kosa langu, maana nisipolitaja mwenyewe kuna watu hapa kijijini Houmaleka watakaolitaja kwa furaha. Uvumi kwamba Kalolaine ana bwana mjini niliuanzisha mimi. Si mke wa mchungaji, si Ilaisaane mwenye mdomo mrefu. Ni mimi Fusi, jirani yake, niliyekaa mkabala naye kwenye ubao wa ngatu, kitambaa chetu cha magome, miaka ishirini na sita.

Na nilikuwa na ushahidi. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi Kalolaine alikwenda mjini Neiafu na kikapu cha majani ya mkadi, eti anakwenda kuyauza. Sasa majani ya mkadi yaliyochemshwa, yakalowekwa baharini mpaka yakawa meupe, hayalali sokoni. Wanawake wanayagombania kwa ajili ya mikeka. Yeye alirudi nayo. Mwanzoni nilimhurumia. Kisha nikaona kuna fungu moja lililofungwa uzi mwekundu, linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi, mwezi baada ya mwezi, mpaka likageuka rangi ya chai. Mjane, kajipaka mafuta ya msandali, kavaa mkeka mzuri wa kiunoni, vazi letu la heshima, anakwenda mjini na mzigo usiouzika. Wewe ungefikiri nini?

Nilimwambia Ilaisaane peke yake. Kufika Jumapili hata wanaume wanaokaa duru jioni kunywa kava walikuwa wanajua, na mmoja alishampata bwana mwenyewe, mwenye duka la vipuri karibu na gati. Lisemwalo lipo, walisema. Kalolaine alisikia, akacheka cheko lake lile la kutikisa mabega, akaendelea kwenda mjini.

Ni mwanamke mkubwa kwa mwili, na sauti yake inafika ng'ambo ya ghuba. Watoto wake watatu wako Auckland. Mumewe Maka alifariki miaka kumi iliyopita. Kwenye ubao tunakaa wanawake kumi na wawili, sita kila upande, tunabandika tabaka za gome kwa uji wa muhogo na kusugua rangi ya kahawia juu yake, kila mmoja mbele ya magoti yake. Kalolaine ndiye kiongozi. Ukisinzia, unalijua. "Fusi, mkono wako uko hapa ila wewe uko wapi? Umeolewa tena?" Ukikosea mchoro hakugombezi. Anausugua upya yeye mwenyewe huku anaimba zaburi kwa nguvu, mpaka unatamani angekugombeza.

Kuna jambo moja nitalitaja ili mumjue. Binti mmoja wa kwaya alizaa nje ya ndoa, jina lake likafutwa kwenye orodha ya waimbaji. Jumapili iliyofuata Kalolaine hakusema neno. Alimchukua yule binti na kichanga chake, akaenda kukaa nao kiti cha mbele kabisa, akawa anamenya pipi za mnanaa mahubiri mazima, karatasi zinalia krakra, macho kamkazia mchungaji. Mwezi ule ule jina lilirudi.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa hiyo. Umaarufu wake kisiwa chote cha Vava'u ulitokana na mzizi.

Alipokuwa na miaka thelathini na mmoja aliugua kichwa. Aliacha kulala. Alizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona, na siku moja alivua nguo zake zote akazianika kwenye uzio wa kanisa kana kwamba ni siku ya kufua. Mganga wetu Toakase aliitwa, akamshika viganja, akasema marehemu mama yake Kalolaine hapumziki, kuna kitu kinamchoma kaburini. Mama huyo amezikwa karibu na mti wa mvinje. Kaka yake Lopeti, wakati huo kijana wa miaka ishirini na miwili, alifukua. Mzizi wa mvinje ulikuwa umepita kwenye tundu la jicho la fuvu. Lopeti alitupa sepetu, akautoa kwa vidole vyake huku analia kwa sauti, wakaisafisha mifupa, wakaipaka mafuta, wakaifunga upya. Siku ya tatu Kalolaine akalala usingizi. Mwezi wa pili alirudi ubaoni.

Lopeti aliukausha ule mzizi, akautundika kwa msumari juu ya mlango wake. Wageni walionyeshwa. Watu wa vijiji vingine waliokuwa na mgonjwa walikuja kuuangalia, kisha wakaja kumwangalia Kalolaine, kama unavyokagua kiazi kikuu kabla hujakipeleka kwenye maonyesho. Halafu wakaenda kufukua wa kwao.

Sisi pia tulikwenda. Mdogo wangu Hopoate alianza kuona watu ukutani miaka kumi na tisa iliyopita. Hospitali walimpa vidonge. Mama yangu alivuka ua, akamuuliza Kalolaine uso kwa uso: "Ni mzizi uliokuponya?" Kalolaine aliitikia kwa kichwa. Mama alirudi akavimwaga vidonge chooni, tukafukua kaburi la baba, tukapata mzizi, tukautoa. Mwezi wa nne Hopoate aliingia baharini na nguo zake za kanisani. Toakase alisema labda tulichelewa. Tulikubali. Ungefanyaje na Kalolaine yuko pale mbele yako kila siku, mzima, anacheka?

Mwaka jana ikawa zamu ya Seilose, binti wa Lopeti. Ana miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la pili, na ubaoni alikaa kushoto kwangu. Alianza kunyamaza katikati ya sentensi, kama mtu anayesikiliza jirani. Kisha akawa anamjibu huyo jirani. Wakampeleka mjini, akaanza sindano ya kila mwezi, nesi anakuja na gari la hospitali kumchoma nyumbani. Akapata nafuu nusu. Alinenepa, akawa mzito, ila alikuwa anatujua.

Mazungumzo ya ubaoni basi yakawa ni yeye tu.

"Ni nywele," alisema Ilaisaane. "Msichana mzuri vile, anapita makaburini saa sita mchana, nywele kaziachia mgongoni, mafuta yananukia mpaka huku. Shetani gani atamwacha?"

"Nywele gani, shoga?" akajibu mwingine. "Mbona wangu anaziachia mwaka mzima, na hajapata shetani wala mchumba!"

Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Kisha Ilaisaane akashusha sauti, akidhani Kalolaine hasikii kule mwisho wa ubao. "Wengine wanasema ni shangazi. Kwenye harusi ya kaka yake Seilose mkeka bora walimpa mtu mwingine. Shangazi akinuna, mtoto wa kaka anaumia. Hiyo siyo siri."

Mikono yote ilisimama. Kwetu dada wa baba ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake, na chuki yake inaogopwa kuliko kimbunga. Kalolaine alichovya kitambaa chake kwenye rangi.

"Ilaisaane," akasema, "kununa kwangu kungekuwa kunatia watu wazimu, wifi yangu Melenaite angekuwa anabweka tangu siku ya harusi yake. Sugua hapo kwako, panakauka."

Tukacheka tena, lakini niliona hakucheka yeye.

Nafasi ya Seilose ilikuwa wazi kushoto kwangu. Desturi ni kusogea na kuziba, kazi iende. Tulipotaka kusogea Kalolaine alikataa. "Ana nafasi yake. Anaumwa, hajafa." Akawa anainuka kutoka mwisho wa ubao, anakuja kupiga magoti pale, anasugua sehemu ya Seilose, kisha anarudi kwake anasugua yake. Mwanamke wa miaka sitini na miwili, magoti yanalia kama mlango mbovu, kila siku, miezi mitano.

Kisha Lopeti akaamua sindano ziishe. Melenaite alichoka kumwona binti yake analala mchana, udenda unamtoka, na watu wanasema ni dawa za wazungu zinazompumbaza. Toakase aliulizwa, akasema yawezekana bibi yake hapumziki tena, mvinje ule bado upo na mizizi haijui Jumapili. Lopeti alifurahi kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Hilo alikuwa analiweza. Nesi alipokuja alimzuia langoni. "Kwanza kaburi," alisema. "Dada yangu hakuchomwa sindano hata moja, kamwangalie." Nesi, kijana mpole, alimwambia Seilose akikosa sindano miezi miwili atarudi alikotoka. Lopeti alimpa muhogo wa kuchemsha wa kula njiani akamuaga.

Ikapita miezi miwili, maana walisubiri mavuno ya viazi vikuu yaishe. Wiki ya mwisho Seilose alitoka nje ya miamba wakati maji yanajaa, anatembea kuelekea kilindini, anamwambia mtu asiyeonekana, "Nakuja, nakuja, usinipigie kelele." Vijana wa kava walimrudisha amejeruhiwa nyayo zote. Kaburi likapangwa Jumamosi.

Ijumaa mchana, wenzetu walipokwisha kuondoka, nilibaki nakunja ngatu na Kalolaine. Alikuwa upande ule, mimi upande huu, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana.

"Fusi, eti nina bwana mjini?"

"Ala! Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Watu wanasema tu, dada. Midomo ya watu."

"Ni mdomo wako."

Nilitazama ngatu. Nilikuwa naona aibu mpaka masikioni.

"Sikukasirika," akasema. "Ulinisaidia sana kuliko unavyojua. Ila kesho njoo makaburini, umwone."

"Anakuja na yeye?"

"Nitakuja naye mimi."

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa pale, ukoo wote, mikeka kiunoni. Seilose aliketi katikati ya mama yake na mimi, miguu imefungwa vitambaa, midomo inacheza bila sauti. Wanaume walitandaza turubai, wakaondoa mashuka ya maua yaliyopamba kaburi na kokoto nyeusi moja moja, mchanga mweupe wakaupanga pembeni, wakachimba. Kalolaine alikuja na kikapu chake cha mjini. Nilitafuta bwana nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Mzizi ulikuwepo. Safari hii ulikuwa umezunguka shingo. Lopeti aliingia mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na mitatu mwenye mgongo mbaya, akaukata kwa uangalifu kama mtoto anavyokatwa kitovu. Kalolaine alipokea fuvu la mama yake. Aliliosha, akalipaka mafuta ya nazi na msandali kwa viganja vyake, taratibu, nyuma ya masikio yaliyokuwa hayapo, kama mtu anayemtengeneza mama yake kwenda kanisani. Nililia. Sote tulilia. Naye Toakase aliomba.

Lopeti akatoka shimoni, akaunyanyua mzizi juu.

"Basi," akasema. "Mama amepumzika. Jumanne nesi asisumbuke kuja. Sindano zimekwisha. Dada yangu hakuchomwa hata moja, mtazameni."

Tulimtazama. Alikuwa bado kapiga magoti, mafuta yanang'aa mpaka viwikoni. Akaifuta mikono kwenye sketi yake.

"Lopeti. Geuka."

"Dada?"

"Geuka utazame baharini. Nitasema maneno ambayo dada hamwambii kaka yake. Nikiuona uso wako sitamaliza."

Kwetu kaka na dada hawatajiani mambo ya mwili, hata mafua. Kaka haingii nyumbani kwa dada yake. Lopeti alisita, mzizi mkononi, kisha akageuka. Shingo yake ilikuwa imejaa udongo.

Kalolaine alivuta kikapu. Akatoa fungu la mkadi lenye uzi mwekundu, lile la rangi ya chai, akafungua uzi kwa meno, majani yakajikunjua. Katikati kulikuwa na kichupa cha plastiki cheupe, cha vidonge.

"Fusi amewaambia nina bwana mjini," akasema. "Msimlaumu, macho yake mazuri, akili tu ndiyo inatangulia. Bwana wangu ni huyu. Namfuata kila mwezi kwa miaka thelathini na moja, na kila usiku nalala naye."

Mtu mmoja alianza kucheka nyuma, kisha akanyamaza.

"Mlitoa mzizi, nikalala. Ni kweli nililala. Wiki mbili. Kisha zile sauti zikarudi, zinanisema kutwa kucha kama redio ya jirani usiyeweza kumwomba aipunguze. Na kaka yangu alikuwa anatembea kijijini kichwa juu, vidole vyake bado vina vidonda. Ningemwambiaje? Nilikwenda mjini kuuza mkadi, nikapita hospitali, nikamwambia daktari yote. Akanipa hivi. Maka alijua, akafa nalo. Siku nilipoviacha, nikijiona nimepona, Maka alinikuta juu ya mnazi, wa tatu siku hiyo, natundika vikombe. Sikuviacha tena. Lopeti anasema kweli, sikuchomwa sindano. Nilimeza."

"Kwa hiyo umetudanganya?" Melenaite alisimama. "Miaka yote hiyo?"

"Ndiyo, wifi. Nimewadanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu aliyetolewa mzizi mnampa ubao auongoze. Mtu anayemeza vidonge vya kichwa mnamfungia kibandani nyuma ya nyumba, na dada zake hawaolewi. Niliwajua. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo."

Kisha akanitazama mimi. Sauti yake kubwa ikapotea.

"Mama yako aliniuliza, Fusi. Aliniuliza uso kwa uso. Nami nikaitikia kwa kichwa."

Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila aliyekufa hakuwa yeye. Alikuwa Hopoate, miaka ishirini na minne, fundi wa redio, aliyekuwa ananiletea pweza kila Jumamosi. Nilimwona Kalolaine pale ameshika kile kichupa, na nikakiri moyoni kwamba ninamchukia.

Toakase alikohoa. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri. "Mimi nilitoa mzizi," akasema. "Mfu alikuwa anachomwa, nikamtoa mwiba. Kichwa cha huyu sikukifungua. Watu ndio waliosema nimeponya. Mnadhani mganga gani anakataa sifa?"

"Sikatai mzizi, mzee," Kalolaine akamjibu. "Mama yangu alikuwa na mzizi na umetolewa, namshukuru Mungu, sasa alale. Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa. Na huyu mtoto ana ugonjwa." Akaugeukia mgongo wa kaka yake. "Jumanne nesi anakuja. Mimi ni shangazi yake, na kwa hilo hakuna wa kunikatalia hapa. Atachomwa. Mkitaka kuninyang'anya ubao nyang'anyeni. Mtoto atachomwa."

Lopeti aliuweka mzizi chini, polepole, kana kwamba unaweza kuvunjika. Akaondoka kwa kupitia ufukweni ili asipite mbele ya dada yake.

"Usiutupe ule wa kwanza, Lopeti!" Kalolaine alimpigia kelele, sauti imerudi, inakatika. "Unasikia? Ule wa mlangoni usiutupe! Ndio unaonikumbusha nani aliingia kaburini kwa ajili yangu, kwa mikono yake!"

Hakugeuka.

Seilose alichomwa Jumanne. Melenaite ndiye aliyefungua lango, midomo kaibana. Lakini alifungua.

Mimi sikwenda ubaoni Jumatatu ile, wala nyingine. Nilikaa nyumbani nikisuka vibaya. Nilikuwa nasikia nyundo za kupondea magome zinalia ndo, ndo, ndo, na kila mlio nilimwona mama yangu anavuka ua. Ilaisaane alikuja kunipa habari. Wanawake wawili wameacha, wanasema hawawezi kuongozwa na mwendawazimu. Wengine wamebaki. Mke wa mchungaji, ambaye kamwe hakuwa wa ngatu, amekuja akauliza akae wapi. Na Kalolaine anajiua kwa kazi.

"Anajiua vipi?"

"Nafasi zenu hataki zizibwe. Ya Seilose, yako, na za wale wawili. Tukisogea anapiga kelele. Anazunguka nazo zote, shoga, mtu mmoja nafasi tano. Ikifika saa tisa hawezi kusimama, anatambaa. Nimemwambia aache mambo hayo. Eti 'Fusi amekasirika, hajahama.'"

Nililala na maneno hayo siku mbili. Nilitaka kubaki na hasira yangu, ilikuwa ni haki yangu, na bado ni haki yangu. Lakini nilifikiria jambo moja na sikuweza kuliacha. Angeweza kunyamaza. Jumamosi ile hakuna aliyemuuliza. Angerudi nyumbani na sifa zake, na mkadi wake, na hata bwana wa mjini niliyempa mimi. Alikuwa na miaka sitini na miwili na kila kitu cha kupoteza, akakifungua kwa meno mbele ya ukoo mzima kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Mimi nisingeweza. Nasema ukweli, mimi ningeitikia kwa kichwa mara ya pili.

Alhamisi nilikwenda nikakaa mkabala naye. Nafasi yangu ilikuwa imesuguliwa vizuri, mistari imenyooka kuliko ninavyoinyoosha. Sikumsalimu. Tulifanya kazi mpaka saa tano.

"Alikuwa anapenda pweza," nikasema.

"Najua," akasema. "Alinitengenezea redio mara mbili, akakataa malipo." Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye rangi na hakuyafuta. Hatukusema zaidi. Tunasema kidogo kidogo, mpaka leo.

Seilose alirudi ubaoni wiki ya tatu. Anasugua mistari mitatu, analala ameketi, kitambaa mkononi. Tunasugua kumzunguka. Ilaisaane anamfukuzia nzi.

Ila Lopeti hakusema neno na dada yake. Viazi vikuu vilivyo haki ya dada aliviacha barazani kwa Kalolaine kupitia mtoto wa jirani, bila salamu. Mzizi wa mlangoni haukuwepo, msumari ulikuwa mtupu. Kalolaine alipita pale akaona msumari. Hakuniambia kitu, lakini jioni ile hakula.

Jumanne ya kwanza ya mwezi ikafika. Nilikuwa nafagia uani nilipomwona anatoka, kavaa mkeka wake, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na lile fungu la rangi ya chai, limefungwa tena uzi mwekundu. Miaka thelathini na moja ni mazoea. Nadhani hakujua kwenda mjini bila kitu cha kuficha nyuma yake.

Gari la Lopeti lilikuwa limesimama langoni, injini inanguruma. Seilose alikuwa kiti cha mbele, anasinzia. Kiti cha nyuma kilitandikwa mkeka mweupe mzuri, ule bora, ule wa harusini, sijui aliurudishaje. Lopeti alisimama nje ya lango, hakulivuka, kaipa mgongo nyumba ya dada yake kama inavyopasa. Juu ya kioo cha mbele, palipo na msalaba kwenye magari ya wengine, ule mzizi wa mlangoni ulikuwa umefungwa kwa waya.

Kalolaine alisimama.

"Dada," Lopeti akasema, akitazama barabarani. "Daktari anaanza saa tatu." Akafungua mlango wa nyuma. "Kikapu kiache kwa Fusi. Leo huendi kuuza kitu."